Hakuna Kutoka Kabla ya Kengele

"Nimekupatia mdomo!" Slavojka alipaza sauti kwenye simu mpaka Nevena akaisogeza mbali na sikio. "Na si mdomo wa kubahatisha, mwanangu. Juu hakuna jino, chini hakuna jino. Mtupu kabisa! Nimemwomba mwenyewe na amekubali."

Nevena alikuwa amesimama kwenye korido ya kliniki ya wanafunzi, koti jeupe begani, na nusura aruke kwa furaha. Jamani, asiyesomea meno hawezi kuelewa furaha hiyo. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima amtengenezee mtu meno ya bandia, ya juu na ya chini, tangu siku ya kupima fizi mpaka siku ya mtihani, mtu huyo anapouma mkate mbele ya wakaguzi. Kitivo kinatoa kiti, kinatoa plasta ya kuchukulia umbo la fizi, kinatoa daktari wa kusimamia. Mdomo unautafuta mwenyewe. Ndiyo maana theluji ikishayeyuka wanafunzi wanageuka wawindaji. Wanazunguka sokoni wakiwachungulia vikongwe wanaocheka, wanafanya urafiki na walinzi wa makaburi, na mwenzake Nevena mmoja alimficha babu yake mzazi kijijini asije akaibiwa. Ukishampata mtu wako unambembeleza kwa kahawa na burek, ule mkate wa nyama, unampokea kituo cha basi, unacheka vichekesho vyake hata kama havichekeshi. Akikususia katikati, umekwisha, unasubiri mtihani wa vuli.

"Nani huyo, mama?"

"Mwalimu Blagoje!"

Furaha ikakatika hapo hapo.

"Mbona kimya?" Slavojka aliendelea. "Mtu mwenyewe mpweke, mke kafariki, kisukari kimemmaliza meno yote, anatafuna fizi kwa fizi. Supu nampelekea mimi kila Jumapili. Na alikufundisha, Nevena! Alikuja kukuona ulipougua, au umesahau?"

Kusahau! Nevena aliegemea ukuta, mkono ukaenda wenyewe ubavuni kushoto, mahali palipokuwa na kovu refu na nyuma ya kovu hakuna kitu. Figo iliyokuwa hapo ilitolewa akiwa darasa la saba.

Blagoje alikuwa mwalimu wa hesabu pale Krušje, kijiji chao cha chini ya mlima, na alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko hesabu zenyewe: hakuna kutoka kabla ya kengele. Unyooshe vidole viwili mpaka vife ganzi, hatoki mtu. Nevena kisukari kilimkamata bado mdogo, kile cha sindano kila siku, na mwenye kisukari sukari ikipanda maji yote ya mwili yanataka kutoka. Mama yake alikwenda shuleni kueleza. Mwalimu akamsikiliza kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka getini, kisha akarudi darasani akasema, "Kisukari kiko kwenye damu. Kibofu cha Nevena ni kibofu kama vibofu vyenu."

Siku moja akamwita ubaoni. Nevena alikwenda na chaki mkononi huku mapaja ameyabana, akaandika mstari wa kwanza, wa pili haukufika. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akampa ndoo na kitambaa apanguse mwenyewe. Tangu siku hiyo akaacha kunywa maji. Akiamka hanywi, mchana hanywi, anabana mpaka jioni. Na sukari ilipomshuka darasani, mikono ikimtetemeka, napo hakuna kula kabla ya kengele. Akajifunza kuficha kipande cha sukari kati ya shavu na magego, akakifyonza polepole mdomo umefungwa. Kwa hiyo magego yakaoza moja baada ya jingine, na kule chini vidudu vikapanda taratibu kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo. Mwalimu mmoja, sheria moja, mtoto akaliwa juu na chini.

Lakini hilo silo lililomkaa Nevena kooni. Kilichomkaa kooni ni zege.

Watu wa kwao wote wanajua, au wanadhani wanajua, kinachoharibu figo za msichana: ni kukaa kwenye zege baridi na kiuno wazi. Bibi anajua, jirani anajua, muuza magazeti anajua. Nevena alipolala hospitali na homa, akiweweseka, mwalimu Blagoje alikuja kumjulia hali na kahawa na pakiti ya biskuti kama desturi ilivyo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye, na wote wawili walijua. Kisha akamgeukia mama mtu akasema, "Nilimwona kwa macho yangu, Slavojka. Amekaa kwenye ngazi za shule, zege tupu, fulana imepanda mpaka huku. Nikajisemea, huyu ataziumiza figo."

Loh! Na kweli alikuwa amekaa. Watoto wote walikaa kwenye ngazi zile, hapakuwa na benchi. Basi Slavojka akaamini, kijiji kikaamini, na Nevena alipotoka hospitali na figo moja mama yake alimkumbatia, akalia, akasema, "Nilikwambia mara ngapi usikae kwenye zege?" Akaendelea kusema hivyo kila akimwona anabadilisha nguo, kila akimpa dawa, hata mbele ya wageni. Nevena alieleza mpaka akachoka. "Mama, ni vidudu. Ni mkojo niliobana." Na Slavojka alijibu jibu lile lile: "Madaktari wanajua vidudu, zege hawalijui. Mwalimu alikuona."

Nevena alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii kabla hajafa: Blagoje afungue mdomo wake, mbele ya mama, aseme halikuwa zege. Na sasa mdomo wenyewe unaletwa kwake, mtupu, bure.

"Mwambie aje," akasema kwenye simu. "Nitamshughulikia vizuri sana."

* * *

Alikuja na suti yake ya shuleni, amenyoa, nywele kazilaza kwa maji. Mdomo ulikuwa umeingia ndani kama mfuko uliokazwa kamba, na maneno yalimtoka na upepo mwingi, ila ukimzoea unamwelewa.

"Huyu ni wangu!" aliwatangazia wanafunzi wa viti vya jirani akimwonyesha Nevena kwa kidole. "Mimi ndiye niliyemfundisha! Bila mimi asingejua hata kujumlisha meno!"

Wakacheka. Nevena naye akacheka, kwa kuwa mdomo wake aliuhitaji kuliko alivyomchukia. Akamfunga kitambaa shingoni, akamlaza kwenye kiti.

"Mwalimu, tuelewane mapema," akasema kwa sauti laini. "Siku ya kuja hapa usinywe maji tangu unapoamka. Maji yanalainisha fizi, umbo linakosea, meno hayatakaa."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa. Na ukishakaa kwenye kiti hiki hunyanyuki mpaka daktari msimamizi apite akague. Ukinyanyuka tunaanza upya."

"Na nikibanwa?"

Nevena alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa ubaya wote aliokuwa nao. Akainama karibu na sikio lake. "Hakuna kutoka kabla ya kengele, mwalimu."

Akamkodolea macho kuona kama kuna kitu kitastuka ndani ya uso ule. Wapi! Mzee aliachia tabasamu la fizi. "Nidhamu!" akasema. "Hivyo ndivyo ninavyotaka. Leo vijana hawana nidhamu."

Uongo mtupu, uongo wote ule. Maji hayana ubaya wowote, na mgonjwa wa kliniki ile ananyanyuka anapotaka, choo kiko mlango wa pili. Nevena alikuwa na mpango wake. Daktari Vidosava, msimamizi wao, ni mwanamke wa kukagua hatua kwa hatua, na kabla hajafika kwako asubuhi inakuwa imeisha. Mzee wa kisukari, sukari juu, kibofu kizee: atabana, atabana, kisha suruali ya suti italowa mbele ya kliniki nzima. Halafu Nevena atamletea ndoo na kitambaa. Alishaichagua hata ndoo yenyewe, ya bluu.

Lakini kizee kilikuwa kigumu. Alimjaza plasta laini mdomoni, akamwacha akodoe macho darini, na mzee akabana magoti. Alipomrudisha tena kupima urefu wa taya, mzee alibana ngumi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, viatu vikasuguana, lakini suruali ikabaki kavu. Daktari Vidosava akipita anamsifu, "Mgonjwa wako ana utulivu wa ajabu, Nevena," na mzee anafurahi kama kapewa nishani. Kila akiondoka Nevena alimsindikiza mpaka mlangoni, akamsikiliza anavyokimbilia chooni kwa hatua fupi fupi, na moyo wake ulikuwa haujashiba.

"Umempenda sana babu huyu," mwenzake mmoja alimtania.

"Sana," Nevena akajibu. "Nampenda mpaka nataka kumla nyama."

Akaendelea kumchongea meno, na hapo ndipo palipo na kichekesho: aliyachonga kwa ustadi wote. Aliyapanga kwenye nta moja moja, akayapinda kidogo ya mbele yaonekane ya kweli, akamwuliza kama ya zamani yalikuwa na mwanya. Meno yalikuwa mtihani wake, hayakuwa na kosa.

Siku ya kujaribisha meno ya nta mzee alifika amechelewa, kajifunga shali, mashavu mekundu. Alipokaa kiti kikatetemeka naye.

"Ni wanafunzi wenu hawa," alilalamika. "Madirisha wazi, mlango wazi, upepo unapita katikati. Umenipiga hapa." Akajishika kiuno.

Nevena akaweka chini kioo cha meno. Akapitisha mkono chini ya koti la mzee, upande wa kushoto, chini ya mbavu, akagonga taratibu kwa ukingo wa kiganja. Mzee alipiga kelele, watu wakageuka. Mwili ulikuwa unawaka.

Alijua. Aliijua homa ile kuliko jina lake, baridi yake ya kutetemesha meno, kichefuchefu chake. Vidudu vimeshapanda juu. Kwa mtu mwenye kisukari jambo hilo halingoji, linakula figo na linaweza kumla mtu mzima.

"Ni nini, daktari wangu?" mzee aliuliza. Alimwita daktari wangu, bila mzaha safari hii. Alikuwa na hofu.

Nevena alimtazama. Aliyaona macho yale yale yaliyokuwa kwenye ukingo wa kitanda chake. Ulimi wake ukawa mtamu mdomoni.

"Ni upepo, mwalimu," akasema. "Umepata baridi ya figo. Kajifunge sufu kiunoni, ulale."

"Ndivyo nilivyofikiri," mzee akasema, akashusha pumzi.

Basi akaondoka, ameinama, mkono kiunoni. Nevena alikusanya vyombo vyake akaviosha. Alingoja ile furaha aliyoitamani miaka yote ije, na ilikuja, haki ya Mungu ilikuja, akaimba kimoyomoyo mpaka kituo cha basi.

* * *

Jumamosi meno yalitoka kwa fundi, yameng'aa, meupe juu ya fizi za waridi. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Nevena aliyatia kwenye kopo la maji, kopo akalitia kwenye mkoba, akapanda basi la Krušje kwenda kumjaribisha mgonjwa wake nyumbani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Tangu ameamka alikuwa hajaimba.

Alimkuta mama yake jikoni amejaza sufuria ya supu ya kuku, na kando yake mafuta ya bata bukini na mshipi wa sufu ya kondoo.

"Afadhali umekuja," Slavojka alisema. "Mwalimu wako ana hali mbaya. Tangu juzi namkanda kiuno. Hali, hanywi, jana usiku alikuwa anaita majina ya darasa zima, mmoja mmoja, kama anaita mahudhurio."

"Umemwita daktari?"

"Daktari wa nini? Ni upepo. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia, kaniambia." Akafunika sufuria. "Maskini, figo zimepata baridi. Kama zako, ulipokaa kwenye zege lile."

Nevena alisimama na mkoba wake mkononi. Hasira ikampanda, lakini safari hii haikujua iende wapi, kwa mama, kwa mzee, au imrudie mwenyewe. Maana uongo ule sasa ulikuwa na baba wawili. Ulikuwa umetoka kwenye mdomo wa Blagoje ukaingia kwenye mdomo wake, na mama yake alikuwa anaukanda kwa mafuta ya bata. Na kizee kikifa leo, kitakufa kwa upepo. Kijiji kizima kitasema upepo. Hatasema tena mtu yeyote chochote, zege litabaki zege milele, na yule aliyekuwa na haki ya kulifuta atakuwa chini ya udongo amefumba mdomo.

"Piga simu gari la wagonjwa," akasema.

"Nevena..."

"Piga, mama! Si upepo! Nilimdanganya!"

Hakungoja jibu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Chumba kilinuka mafuta na mkojo mzito, madirisha yamezibwa kwa mablanketi kuzuia upepo, mzee yuko katikati amefungwa sufu kama mtoto mchanga. Nevena alirarua mablanketi yale dirishani, akafungua. Akachukua gilasi ya maji, akamnyanyua kichwa.

"Kunywa."

Mzee akafunga midomo. "Fizi," alinong'ona. "Zitalainika."

"Kunywa, nakwambia! Nilikuongopea. Maji hayana neno. Choo kilikuwa mlango wa pili, mwalimu, mlango wa pili! Ungekwenda wakati wowote. Nilitaka ujikojolee kama nilivyojikojolea mimi ubaoni, unakumbuka? Ulinipa ndoo. Mimi nilikuchagulia ya bluu." Alikuwa analia na hakujali. "Sasa uko hapa na figo yangu. Hiyo hiyo, ya kushoto. Utakunywa au nikupige?"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu na macho yake ya homa. Alikunywa. Maji yalimchuruzika kidevuni, akanywa mengine. Nevena hakuweza kujua kama ameelewa hata neno moja.

* * *

Hospitalini walimtundikia dripu, wakamtoa damu, wakampima sukari, nayo ilikuwa imepanda vibaya. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipomaliza kusoma majibu aliyatupa kitandani.

"Mngechelewa hadi kesho mngeniletea maiti," alisema. "Figo imejaa usaha. Mtu wa kisukari, umri huu, hanywi maji na anabana mkojo! Na nani kamfunga sufu hii?"

"Ni upepo, daktari," Slavojka alijitetea, sufuria ya supu bado iko mikononi. "Kliniki ya meno wanafungua madirisha..."

"Mama yangu, upepo hauna vidudu." Akageuka. "Nani alimkataza kunywa? Nani alimkataza kwenda chooni? Mjinga gani huyo?"

Nevena aliiona Jumatatu ikipita mbele yake, na koti jeupe, na miaka yote ya kusoma. Akasema, "Mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanafunzi wa meno. Ni mgonjwa wangu."

Sufuria ya Slavojka ikagonga meza ya kitanda. Daktari alimtazama Nevena kuanzia viatu mpaka kichwani, na alipouliza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Na upumbavu huo ulifundishwa na nani?"

Nevena aligeuza uso kitandani. Hakupanga, macho yalikwenda yenyewe. Na mzee, ambaye wote walidhani amelala, alikuwa anamtazama. Midomo yake iliyoingia ndani ikatikisika, ukatoka mvumo, mate na pumzi.

"Anasema nini?" Slavojka akauliza.

Nevena alikuwa amemsikia, yeye aliyemzoea. Mzee alikuwa amesema, *Mimi.*

Miaka yote alikuwa akilingoja neno hilo, na sasa limetoka limepondeka, halieleweki, mama yake amesimama hapo hapo na hakulipata. La, haiwezekani! Haki haiji ikapotelea kwenye fizi. Akafungua mkoba, akatoa kopo, akayamwaga maji kwenye beseni. Nevena alimfungua mzee mdomo kwa vidole viwili, akayaingiza meno ya juu, akayabana mpaka yakanata. Akayaingiza ya chini. Uso wa Blagoje ukajaa, ukarudi ule wa ubaoni, wa suti na chaki, na mwanya wake wa mbele.

"Rudia, mwalimu," Nevena alisema. "Mama hakusikia."

Mzee alimeza mate. Akayagusa meno mapya kwa ulimi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema, na kila herufi ilikaa mahali pake. "Darasa la saba. Alinyoosha vidole, nikamkalisha. Alinyoosha kila siku. Nilijua anaumwa, Slavojka, ulinieleza mwenyewe. Nikasema, nikimruhusu huyu watataka wote." Akapumzika. "Alipolala hospitali niliogopa watanifukuza. Nikasema zege. Halikuwa zege."

Slavojka alisimama bila kupepesa. Akamtazama bintiye, akamtazama ubavuni, mahali ambapo kwa miaka yote amekuwa akipatazama na kusikitika na kulaumu. Kisha akanyoosha mkono akaichukua sufuria yake mezani.

"Na mimi nikampelekea supu," akasema. "Kila Jumapili! Na paja nikamwekea yeye!"

Akatoka nayo, na huko nje koridoni wakamsikia analia kwa sauti, anamwita Nevena jina lake la utotoni. Daktari naye akakohoa, akasema atarudi na kwamba watazungumza, yeye na mwanafunzi, wala hayataishia hapo. Akaufunga mlango.

Walibaki wawili. Nevena alikuwa amekipata alichokitaka, chote, neno kwa neno, tena kwa meno aliyoyachonga kwa mikono yake. Na mtihani ameupoteza, na pengine zaidi ya mtihani. Alitaka kwenda kwa mama yake. Alikuwa ameshaushika mkono wa mlango alipogeuka kumtazama mzee kwa mara ya mwisho.

Blagoje alikuwa amelala chali, anatazama dari, uso umejikunja. Mkono wake wenye sindano ya dripu ulikuwa juu, umenyooka, vidole viwili vimesimama kama wanavyonyoosha watoto darasani. Alikuwa amebanwa, na alikuwa anaomba ruhusa.

Nevena alivitazama vidole vile. Aliviacha vikae hewani mpaka vikaanza kucheza, mpaka akahakikisha mwenye navyo anajua vinavyouma. Kisha akarudi, akainama, akaivuta chupa ya mkojo chini ya kitanda na kuinua shuka.

"Haya, mwalimu," akasema. "Kojoa."